Kisiki Hakifi kwa Shoka Peke Yake: Somo la Mizizi Ibakiayo Shambani

Mti mkubwa ukianguka chini kwa kishindo, watu walioukata hupumua, hufuta jasho, nao huona ya kuwa kazi imekwisha. Matawi hufanywa kuni, gogo hupasuliwa mbao au huchomwa makaa, na majani huachiwa mbuzi. Walakini ndani ya ardhi imebaki sehemu ya mti isiyoonekana. Kisiki kimesimama mahali pake, na mizizi yake imekwenda kandokando, mara nyingi mbali kuliko kivuli cha matawi kilivyokuwa kikifika. Mkulima asiyeihesabu sehemu hiyo hukutana nayo wakati wa kulima, plau inapokwama ghafula na ng'ombe kupiga magoti.

Katika Bomeni ya Taveta jambo hili si dogo. Nchi ile ni tambarare, upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro. Mvua yake si ya kutegemewa, bali maji ya chemchemi kama Njoro Kubwa, na maji ya mto Lumi, huletwa mashambani kwa mifereji, na kwa maji hayo watu hulima ndizi, mahindi, maharagwe, vitunguu na nyanya. Shamba lililofikiwa na mfereji ni mali, na kila hatua ya ardhi yake ina thamani. Kisiki kimoja kipana, pamoja na mizizi yake, humnyima mwenye shamba nafasi ya migomba kadhaa, humzuia asipitishe plau kwa mstari, na huyapotosha maji yasifike upande wa pili.

Hasara za kisiki ni tatu. Ya kwanza ni ya vyombo na viungo: jembe huvunjika mpini, ncha ya plau hupinda, mtoto hujikwaa gizani. Ya pili ni ya mti wenyewe kurudi, maana miti mingi huchipua tena, na badala ya shina moja mkulima hupata mashina kumi. Ya tatu ni ya maradhi na wadudu wakaao katika mti uliokufa na kuuhamia ule ulio hai. Lakini yafaa ieleweke tangu mwanzo ya kwamba si kila kisiki ni adui. Kuna visiki vya kung'olewa, kuna vya kuachwa vioze, na kuna vya kutunzwa kama mboni ya jicho. Mkulima mwenye akili ni yule ajuaye kuvitenga.

KISIKI NI GHALA

Watu wengi hudhani ya kuwa mti uliokatwa umekufa. Sivyo. Majani ya mti hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na chakula hicho hushuka kwa njia ya gome la ndani mpaka mizizini, kikawekwa akiba huko kwa namna ya wanga, kama vile mtu awekavyo mahindi ghalani. Shoka likikata shina, ghala halikuguswa. Ndiyo sababu baada ya majuma machache kisiki hutoa machipukizi yenye nguvu, tena hukua upesi kuliko mche uliopandwa kwa mbegu, kwa kuwa nyuma yao kuna mizizi iliyokwisha enea na akiba tele.

Jambo hili likifahamika, mengine yote katika somo hili yatafahamika kwa urahisi. Kukiua kisiki ni kulimaliza ghala, au kulitoa ardhini, au kulitia sumu. Na kukitumia kisiki ni kulifanya ghala lile lifanye kazi ya mwenye shamba.

Miti haifanani katika jambo hili. Msindano na mkrismasi, ile miti ya mbao iliyopandwa katika milima ya Taita, haichipui tena ikikatwa chini. Kisiki chake hukaa kimya kikaoza. Mkaratusi, mjohoro na mwarobaini huchipua sana, na miti mingi ya porini ya nchi kavu hufanya hivyo hivyo. Basi kabla ya kuinua shoka, mkulima na ajiulize: Mti huu ni wa aina gani? Ukikatwa utarudi, au hautarudi? Jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha kazi iliyo mbele yake.

NJIA ZA KUONDOA KISIKI

1. Kuchimba. Hii ndiyo njia ya hakika, na ndiyo ngumu. Kosa lifanywalo mara nyingi ni kuukata mti chini kabisa, halafu kuanza kukitafuta kisiki kwa sururu. Wahenga walisema, "Gogo haliendi ila kwa nyenzo," na nyenzo iliyo bora kuliko zote ni shina lenyewe. Mkulima ajuaye ya kuwa atang'oa kisiki huacha kipande cha shina kimesimama, kimo cha kifua cha mtu. Huchimba handaki kukizunguka kisiki, hatua moja au mbili mbali nacho, hufunua mizizi ya kandokando, huiosha au huifuta udongo ili shoka lisipoteze makali, kisha huikata mmoja mmoja. Mwisho hufunga kamba au mnyororo juu ya kile kipande cha shina, na watu au ng'ombe huvuta, mara upande huu, mara upande huu, hata mzizi wa kati ukalegea na kukatwa.

Iko njia nyingine iliyo nyepesi zaidi kama mahali ni pa wazi: mti hauangushwi kwa msumeno hata kidogo, bali mizizi yake ya kandokando hukatwa ungali umesimama, kisha huvutwa kwa kamba ndefu. Uzito wa mti wenyewe ukianguka hukiinua kisiki chake. Lakini njia hii haifai karibu na nyumba, barabara au nyaya za umeme. Tena kamba na iwe ndefu kupita urefu wa mti, na mtu yeyote asisimame katika shimo mti unapovutwa.

Wakati mwema wa kuchimba ni baada ya mvua au baada ya kumwagilia, ardhi inapokuwa laini. Na shimo likishachimbwa lisiachwe wazi hata usiku mmoja pasipo uzio, maana ng'ombe na watoto hawalioni. Lijazwe udongo na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kwa kuwa udongo uliotupwa ovyo hudidimia mvua ya kwanza na kufanya dimbwi.

2. Kuchoma. Kisiki kibichi hakiungui. Hufuka moshi tu. Yapasa kikauke miezi mingi, kisha kifukuliwe pembeni ili hewa ipite, na moto uwashwe kwa kuni kavu chini ya upande utokeapo upepo. Mkulima mwekevu hukifunika kwa majani na udongo kama tanuri la makaa, kiungue polepole mpaka mizizini. Lakini moto wa mizizi ni mwizi: hutembea chini ya ardhi siku nyingi baada ya juu kuzimika, na huweza kutokea penye nyasi kavu mahali asipotazamia mtu. Tena huacha tundu lenye makaa ya moto lililofunikwa na ganda jembamba la udongo, na mguu wa mtu ukitumbukia humo jeraha lake ni kubwa. Kwa hiyo mahali hapo pasafishwe nyasi pande zote, maji yawe karibu, watoto wakatazwe, na moto usiwashwe siku ya upepo. Majivu yasiachwe chungu moja, yatawanywe shambani.

3. Kuozesha. Hii ni njia ya mtu mwenye subira na mikono michache. Kisiki hukatwa chini kabisa, hutobolewa matundu mengi kwa keekee, matundu hujazwa samadi, kisha chote hufunikwa udongo na kutiwa maji mara kwa mara. Vimelea viozeshavyo mti huhitaji unyevu, hewa na chakula kilicho katika samadi. Mchwa nao husaidia. Mti laini huoza katika miaka michache; mti mgumu huchukua miaka mingi zaidi. Wakati huo mkulima anaweza kupanda maboga juu yake, mashina yake yatambae na kuficha mahali pale. Jambo la kuangalia ni hili: kisiki kilichojaa mchwa hakifai karibu na nyumba ya miti na udongo, kwa sababu mchwa wakikimaliza hutafuta nguzo.

4. Kukinyima chakula. Machipukizi yakitoka, huvunjwa yote yangali machanga, nayo yakitoka tena huvunjwa tena, bila kuruka juma. Kila chipukizi limeundwa kwa akiba ya ghalani. Likivunjwa kabla halijairudishia mizizi kitu, ghala hupungua. Kazi hii haina gharama ila uangalifu, hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Lakini anayevunja mara tatu akachoka amefanya kazi bure, kwa kuwa majani yaliyoachwa yatalijaza ghala upya.

5. Dawa. Ziko dawa za madukani za kuua visiki na magugu. Dawa hupakwa mara tu baada ya kukata, dakika hizo hizo, kabla jeraha la mti halijakauka. Tena hupakwa pembeni, chini ya gome, maana hapo ndipo mti unapoishi, wala si katikati penye moyo mkavu. Mtumiaji asome maandishi ya chupa, avae mipira mikononi, asipake karibu na mfereji au kisima, wala chupa tupu isitumiwe kuchotea maji. Akumbuke pia ya kwamba miti ya aina moja iliyo karibu pengine imeunganika mizizi, na dawa ya kisiki yaweza kumfikia jirani aliye hai.

Watu wengine humimina chumvi au mafuta machafu ya magari. Shauri hilo ni baya. Katika nchi kavu imwagiliwayo kwa mifereji, chumvi ndiyo adui wa shamba, na mafuta huharibu udongo na maji ya watu walio chini. Aliyemwaga chumvi ili auue mti mmoja ameua na migomba ambayo angeipanda mahali pale.

MATHENGE: ADUI AZAAYE AKIPIGWA

Mti mmoja wastahili kutajwa peke yake. Ni ule uitwao mathenge, wenye miiba mirefu na maganda matamu. Asili yake ni Amerika. Uliletwa Kenya mwaka 1973 kupandwa katika machimbo ya mawe ya Baobab Farm karibu na Mombasa, na katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, Bura ya mto Tana na mahali pengine penye ukame, ili watu wapate kuni na upepo usichukue udongo. Kusudi lilikuwa jema. Lakini mti ule ulitoka mahali ulipopandwa, ukafunga malisho na njia za maji. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi, na mwaka 2006 watu wa Baringo walipoishtaki Serikali, mbuzi asiye na meno aliletwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza mti huo kuwa gugu baya. Na katika orodha ya mahali unapoonekana, Taveta imo.

Mathenge ukikatwa usawa wa ardhi hulipiza: hutoa mashina mengi na kuwa kichaka kisichopitika. Sababu yake ni kwamba macho yake ya kuchipua yamejificha chini kidogo ya uso wa ardhi, pale shina linapoungana na mizizi. Kwa hiyo yapasa kufukua na kuukata chini ya pale, karibu sentimeta 30 kwenda chini, na kuitoa sehemu ile yote. Mizizi iliyo chini zaidi haina macho hayo na itaoza. Miche midogo na ing'olewe mara ionekanapo, udongo ungali na unyevu. Samaki mkunje angali mbichi. Na kwa kuwa mbegu hupita tumboni mwa mbuzi na ng'ombe bila kufa, tena huchukuliwa na maji ya mfereji, kazi ya mtu mmoja haitoshi. Anayeng'oa wakati jirani wa juu ameacha, anapalilia shamba la jirani yake.

Walakini mti huu si wa hasara tupu: kuni na makaa yake ni mazuri, na maganda yaliyosagwa unga, mbegu zikasagika, ni chakula cha mifugo. Wako watu ambao hupata kwa faida hiyo fedha za kuwalipa vijana wa kuchimba visiki.

UGONJWA UTOKAO KATIKA KISIKI

Huko juu milimani, penye baridi na mvua, iko hatari nyingine. Kuna kuvu mmoja, ambaye wataalamu humwita Armillaria, akaaye katika visiki na mizizi ya miti ya msitu iliyokatwa. Hula kisiki miaka mingi. Kisha hutambaa kwa njia ya mizizi mpaka kwenye miti hai iliyopandwa hapo, iwe chai, miti ya mbao au miti ya matunda. Mti ulioshikwa hunyauka pasipo sababu inayoonekana. Gome lake likibanduliwa karibu na ardhi, hukutwa utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Katika mashamba ya chai ya Kenya ugonjwa huu unajulikana sana.

Dawa yake ilipatikana zamani kwa kufikiri, si kwa chupa. Katika miaka ya 1930 huko Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mtaalamu R. Leach aliona ya kuwa kuvu huyu hustawi kwa wanga uliomo mizizini. Basi mti usikatwe kwanza. Ubanduliwe gome lote kwa pete pana kuzunguka shina, na uachwe umesimama. Chakula cha majani hakiwezi tena kushuka, kwa sababu njia yake imekatwa, bali mizizi huendelea kutumia akiba yake mpaka imalizike. Mti hufa polepole, na mizizi iliyokwisha wanga huliwa na vimelea vingine visivyo na madhara. Ndipo mti hukatwa. Mtu anayetaka kufyeka miti ili apande mingine, naye anaweza kungoja mwaka mmoja au miwili, njia hii humlinda kuliko haraka.

Mfano wa namna hiyo uko pia pwani. Chonga, yule mdudu mkubwa mwenye pembe, huzaa katika magogo na visiki vya minazi iliyokufa, kisha huruka na kutoboa vilele vya minazi iliyo hai. Na katika mashamba ya mkonge, ambayo yamejulikana sana Taveta na Mwatate, vigogo vya mkonge mzee visipoharibiwa huwa makao ya fukusi amwingiliaye mkonge mpya. Ulimwengu wa visiki una sheria moja: kilichokufa kikaachwa ovyo hulea adui wa kilicho hai.

VISIKI VISIVYOFAA KUNG'OLEWA

Yafuatayo ni mahali ambapo sururu haifai, hata kama kisiki kinachukiza macho.

Kwanza, penye mteremko mkali. Katika milima ya Taita udongo umefungwa na mizizi kama mzigo uliofungwa na kamba. Kung'oa kisiki mtelemkoni ni kufungua mahali pa mvua kuingia. Tena mizizi iliyokufa haishiki milele. Miaka michache baada ya kukata, ikisha oza, nguvu yake hupotea, na hapo ndipo ardhi huweza kuporomoka wakati wa mvua kubwa. Kwa hiyo anayekata miti mtelemkoni apande mingine katikati ya visiki mwaka huo huo, ili mizizi mipya iwe imeshika kabla ya ile ya zamani kuachia.

Pili, kwenye kingo za mifereji na mito. Mti ulio kingoni huweza kukatwa ukiziba maji, lakini mzizi wake uachwe, maana ukingoni ndiwo ukuta. Ukuta ukibomoka, si shamba moja likosalo maji, bali yote yaliyo chini. Kabla ya kugusa ukingo wa mfereji, shauri lifanywe na wazee au kamati ya maji.

Tatu, penye mpaka. Mara nyingi mti ndio alama iliyokubaliwa na babu za pande mbili, na ukianguka, kisiki chake hubaki kuwa shahidi. Mtu akikichimba usiku, hata kama nia yake ni kupata kuni, atahesabiwa mwizi wa ardhi. Sheria ya Kenya ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inakataza kuondoa alama ya mpaka bila ruhusa, na mwenye kufanya hivyo kwa kusudi ana hatia. Kama kisiki cha mpaka kinaoza, majirani waitane, waje na wazee, na alama nyingine iwekwe machoni pa wote. Kisiki chaweza kuondolewa kwa siku moja, lakini ugomvi wake huchukua umri wa mtu.

Nne, mahali palipowekwa wakfu na wazee. Wataita wana misitu yao midogo iitwayo fighi, iliyohifadhiwa kwa heshima tangu zamani, na humo mti haukatwi, wala kisiki hakichimbwi.

HABARI YA KONGWA

Yeyote adhaniye ya kuwa mashine kubwa humaliza neno la visiki, na asikie habari ya Kongwa katika Tanganyika. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikakusudia kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, ekari 3,210,000, nyingi zake Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Ilitazamiwa ya kwamba mwaka wa kwanza ekari 150,000 zingekuwa tayari.

Matrekta na mabuldoza yaliletwa, mengi yakiwa yamekwisha tumika vitani. Mengine yalikuwa vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Kuangusha vichaka hakukuwa shida kubwa. Wakafunga mnyororo mnene wa nanga ya meli kati ya mabuldoza mawili na kuuburura, na pori likalala. Shida ilikuwa chini. Mizizi ya pori lile ilikuwa migumu na imesukana kama mkeka. Visu vya kukatia mizizi vilipinda na kukatika, na udongo wenye mchanga mkali ukavila kama tupa. Jua likauoka udongo ukawa kama tofali. Msimu wa kwanza zilipandwa kama ekari 7,500 tu. Mvua nayo haikuwa ya kutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa zaidi ya paundi milioni 36.

Wenye kupanga walihesabu ekari juu ya karatasi, wakasahau kuhesabu mizizi. Mkulima wa Bomeni anayekodi trekta kwa fedha alizokopa, kabla hajachimba hata shimo moja kuona kilichomo ardhini, yuko katika njia ile ile, ijapokuwa shamba lake ni la nusu ekari. Na aanze kwa kuchimba kisiki kimoja kwa mkono. Kitamwambia vingine vitagharimu nini.

KISIKI HAI

Ajabu ni kwamba nchi ile ile ya Dodoma, ambamo visiki viliwashinda wageni, siku hizi imekuwa mwalimu wa jambo lililo kinyume. Mwaka 1983 katika Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyekuwa akipanda miche ikifa kwa ukame, alitambua ya kuwa vichaka vidogo vilivyotapakaa mashambani havikuwa magugu, bali machipukizi ya visiki vya miti ya zamani. Msitu ulikuwapo chini ya ardhi. Wakulima wakaacha kuyafyeka yote, wakachagua machache na kuyatunza. Miaka ilipopita, miti ilirudi katika eneo la karibu hekta milioni 5 katika nchi ile. Katika Dodoma, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wamewafundisha wakulima njia hiyo, nayo huitwa Kisiki Hai.

Kazi yake ni nyepesi. Mkulima huchagua kisiki chenye machipukizi, huacha mawili au matatu yaliyonyoka na yenye nguvu, huyakata yaliyobaki, hupogoa matawi ya chini, hukitia alama ya kitambaa ili wachungaji na walimaji wakijue, kisha hukilinda na mifugo. Hakuna mbegu ya kununua, wala kitalu, wala maji ya kubeba kichwani, maana ghala limo tayari chini. Mti hutoa kivuli, kuni na chakula cha mifugo, na majani yake huanguka yakarutubisha shamba.

Mkaratusi nao hutunzwa hivyo hivyo kwa nguzo na kuni: hukatwa chini, kwa mshazari ili maji ya mvua yatiririke, na machipukizi hupunguzwa yakabaki mawili au matatu. Lakini usitunzwe kando ya mfereji au chemchemi, kwa kuwa unakunywa maji mengi. Hapo ni afadhali kisiki kife. Tena kanuni za Kenya za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake. Anayekung'uta visiki vyote leo atalazimika kununua miche kesho.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kabla ya kukata, jua aina ya mti. Kama kisiki kitang'olewa, acha shina refu la kuvutia. Penye maradhi ya mizizi, bandua gome kwanza na ungoje. Mathenge hukatwa chini ya ardhi, si juu yake. Mteremko, mfereji na mpaka visiguswe pasipo shauri. Na penye ukame, kisiki cha mti mwema ni akiba iliyowekwa na watu wa zamani. Asiitupe mtu asiyejua itapatikana wapi nyingine. Mwenye shaka na amwulize afisa wa kilimo au wa misitu wa mahali pake kabla hajanunua dawa au kukodi mashine.

MASWALI KWA WANAOSOMA PAMOJA

1. Kwa nini chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche wa mbegu?
2. Mkulima amevunja machipukizi mara tatu, kisha akayaacha miezi minne. Kumetokea nini katika ghala la mizizi?
3. Kuna faida gani kubandua gome la mti mwaka mmoja kabla ya kuukata?
4. Mti wa mpaka umeanguka kwa upepo. Majirani wafanye nini, na wasifanye nini?
5. Kila mmoja na ahesabu visiki vilivyo katika shamba lake: ni vingapi vya kung'olewa, vingapi vya kuachwa vioze, na vingapi vya kutunzwa?